Kura ya Mgombea wa Tatu na Korongo Lisilo na Maji

Marahaba, vijana wangu. Wengi wenu hapa Ipagala mnaniita Babu Matangazo, na wachache wanaodhani hilo ni jina la ukoo nawasamehe. Jina langu ni Yona. Hilo la Matangazo nililipata kazini, maana kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu nilikuwa nikifunga vipaza sauti kwenye mikusanyiko ya watu, kuanzia Makole hapa Dodoma mjini mpaka vijiji vya ndani kabisa vya Chamwino. Nilifunga kwenye harusi, mahubiri, minada ya ng'ombe, chanjo za watoto na, kila ulipofika msimu wa uchaguzi, kwenye kampeni. Vyama vyote vilikuwa wateja wangu. Watu wakiniuliza mimi ni wa chama gani, niliwajibu kwamba fundi wa spika hana chama, ana betri.

Nimestaafu sasa. Masikio ndiyo yaliyonistaafisha, ingawa mke wangu anasema nilianza kutosikia zamani, hasa nikitumwa dukani.

Kilichonifanya niandike haya ni mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo hapa hapa mjini. Alikuja juzi kunisalimu, tukafika kwenye habari za udiwani wa kata yetu. Akaniambia kuna dada mmoja wa chama kidogo anayeongea habari ya mifereji ya mtaa, jambo ambalo kila mwenye nyumba Ipagala analijua mvua ikinyesha. Anamkubali sana huyo dada. Nikamwambia vizuri, basi umeshapata wa kumpigia kura. Akacheka, akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mzee wake.

"Babu, tuwe siriasi," akasema. "Yule hawezi kushinda. Sipotezi kura yangu."

Nikamwambia amalize chai kwanza. Jibu langu ni refu, na linapitia kwenye spika, mashine ya alizeti na korongo. Nyie wengine nanyi someni, maana najua mna maneno hayo hayo mdomoni.

Kwanza muijue kazi yenyewe. Siku hizi kijana anakuja na spika moja yenye magurudumu na taa za rangi, anaiunganisha na simu, basi, kazi imekwisha. Sisi tulikuwa na zile honi za bati zenye mdomo mpana, amplifaya nzito ya kubebwa na watu wawili, na betri ya gari ambayo ilibidi kuiombea kabla ya mkutano. Kampeni zetu huangukia kiangazi, na kiangazi cha Dodoma ni upepo na vumbi. Ukiielekeza honi kule upepo unakotoka, maneno ya mgombea yanarudi kumpiga mwenyewe usoni, na wananchi wanabaki kutazama mdomo unavyochezacheza. Kwa hiyo fundi akifika uwanjani hamsalimii kwanza mgombea. Anaokota vumbi kidogo, analiachia hewani, anatazama linakwenda wapi. Mgombea mmoja aliniona nikifanya hivyo, akadhani namroga, akataka nifukuzwe uwanjani.

Jambo la pili, maiki haikai mbele ya honi. Ikikaa mbele, sauti inatoka kwenye honi, inaingia tena kwenye maiki, inatoka tena, inaingia tena, mpaka inakuwa mluzi wa kutia ganzi meno. Wanasiasa hawalielewi hili hata uwachoree. Wakishangiliwa kidogo tu wanasogea mbele kuufuata umati, wanajiingiza wenyewe mdomoni mwa honi, kisha wanageuka kunitazama mimi kwa hasira.

Lakini kosa langu lenyewe, lile lililonifungua macho, lilitokea Makole zama za kanda. Wagombea wawili wa vyama viwili vikubwa walikuwa wamenipa kazi ya kuwatangaza kwa gari, kila mmoja siku yake. Nilikuwa na chumba changu cha kurekodia, nimetundika magodoro ukutani ili sauti isirudi, na sauti iliyorekodiwa ilikuwa yangu mwenyewe. Wa kwanza aliniandikia niseme barabara, maji, zahanati na ajira kwa vijana. Wa pili akaniandikia maji, ajira kwa vijana, barabara na zahanati. Majina yao niliyaweka mwishoni mwa kila kanda, na redio yangu ya gari ilikuwa na tabia ya kutafuna mwisho wa kanda.

Basi nikachukua kanda ya huyu nikaipiga kwenye gari la yule. Nilizunguka Makole asubuhi nzima, gari limebandikwa picha za mgombea mmoja, spika inatangaza sera za mwingine. Wananchi hawakugundua. Wapambe waliokuwa wakicheza juu ya gari hawakugundua. Mgombea mwenyewe, aliyekaa nami kiti cha mbele, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila ahadi, na tulipomaliza akanipiga bega akasema leo ujumbe umefika. Niligundua mimi peke yangu, tena mchana, nilipoitoa kanda kuigeuza.

Nikajiuliza swali, na bado najiuliza. Ikiwa kanda mbili zinaweza kubadilishana magari na mwenye gari asijue, kwa nini kila mtu ananiambia nikitaka kuchagua lazima nichague kati ya hizo mbili tu?

Msinielewe vibaya. Sisemi kila mgombea wa tatu ni lulu. Nimefunga spika kwa mmoja aliyeahidi mbuzi wawili kwa kila kaya, na nyumbani kwake hata kuku wa kienyeji alikuwa hana. Mwingine alifika mkutanoni akakuta tuliopo ni mimi, askari wa kulinda amani, na mbwa aliyekuwa amelala kivulini. Alitoa hotuba yote, tena kwa ukali, akimnyooshea mbwa kidole kana kwamba ndiye aliyekwamisha maendeleo ya kata. Huyo sikumpigia. Chama kidogo si sifa, kama ambavyo umaskini si wokovu.

Sasa njooni kwetu kijijini, Chamwino, ambako ndiko nilikuwa nimejiandikisha kupiga kura.

Kijiji chetu kimekatwa na korongo. Kwa nyie mliozaliwa kwenye lami, korongo ni mto unaofanya kazi miezi michache kwa mwaka. Kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapumzika humo na watoto wanacheza mpira. Masika, mvua ikinyesha huko vilimani, hata kama kwetu jua linawaka, maji yanashuka ghafla, mekundu, yanavuta magogo. Shule iko upande huu, zahanati iko upande huu. Nusu ya kijiji iko ng'ambo, na huko ndiko aliolewa mdogo wangu Yudithi. Alikuwa akilea mjukuu wake, Mele, mtoto wa darasa la pili. Kila masika Mele alikaa nyumbani mpaka korongo litulie, na kila aliporudi shuleni mwalimu alimwanzishia herufi upya, maana alizojua zilikuwa zimeshasahaulika.

Mwaka mmoja Yudithi alichoka kusubiri, akambeba Mele mgongoni akaingia majini. Mimi nilikuwa upande huu, nimekuja kusalimia. Niliyaona maji yakimfika kiunoni, nikamwona akiyumba, nikaona ndala ya mtoto ikichomoka na kwenda zake. Nilipiga kelele, mimi mtu wa spika, na sauti yangu haikufika hata katikati. Walifika, Mungu mkubwa. Lakini niliogopa siku ile kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi, na nikimtazama Mele bado naiona ile nguo ya mgongoni ikilowa.

Sasa sikilizeni utani wa mambo haya. Uchaguzi ni kiangazi. Kwa hiyo kila mgombea aliyewahi kuja kwetu alivuka korongo kwa gari juu ya mchanga mkavu, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, akafika ng'ambo akaahidi barabara, maji, zahanati na ajira. Tukipiga kelele za kivuko, yaani daraja dogo la zege, wanaandika, wanaitikia, halafu wanarudi kwa mchanga ule ule. Hata sisi wenyewe kiangazi tulikuwa tunasahau. Ukiwa umekaa kwenye mchanga wa moto huwezi kuogopa maji.

Aliyekuwa hasahau ni Foibe. Foibe alikuwa na mashine ya kukamua alizeti upande huu wa korongo, mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, asiyependa kukopesha. Aliomba kugombea udiwani kupitia chama cha diwani aliyekuwepo, wakamwambia jina limeshapatikana. Akaenda cha pili, wakamwambia asubiri zamu yake. Akaishia kwenye chama cha tatu, ambacho ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya saluni pale Makole. Mwenyekiti wao ndiye alikuwa katibu, na ndiye alikuwa dereva wa bodaboda iliyowapeleka mikutanoni. Bendera yao hata mimi niliyefunga spika za vyama vyote ilibidi nikumbushwe rangi zake.

Watu walimtania sana. Kijiweni mmoja akamwambia mbele yetu kwamba anataka kivuko ili alizeti za ng'ambo zifike kwenye mashine yake.

"Ndiyo," Foibe akasema. "Masika mashine yangu inalala. Mimi nataka alizeti zivuke, Yudithi anataka mtoto avuke. Wewe unataka nini kivuke?"

Yule jamaa akarudi kwenye kahawa yake.

Nilipokwenda kumrekodi tangazo alikataa kuja kwenye chumba changu cha magodoro. Alisema ana wateja. Nikamwomba basi azime mashine kidogo, akakataa pia, wateja wanasubiri mafuta. Kwa hiyo nikamrekodi pale pale kwa simu, mashine inanguruma nyuma yake tu-tu-tu, na maneno yake yalikuwa haya, nayajua kwa moyo: "Mimi ni Foibe wa mashine. Sina ahadi nyingi, ninayo moja. Kivuko korongoni, mtoto avuke masika bila kuvua viatu." Basi. Nikamwambia mama, ongeza hata maji na zahanati, tangazo ni fupi mno. Akaniuliza kama mimi ni fundi au ni mshauri.

Hilo tangazo, vijana, lisingeweza kupigwa kwenye gari la mtu mwingine yeyote.

Mkutano wake mkubwa aliufanya ndani ya korongo. Nilipofika na vifaa nikadhani nimepotea. Alikuwa amewakalisha watu mchangani katikati kabisa, wa upande huu na wa ng'ambo pamoja, akasema funga hapa. Nikamwambia hapa hapafai, kingo za korongo zitarudisha sauti. Akasema funga. Nikafunga. Akafungua mdomo, na spika ikapiga mluzi ambao sijawahi kuusikia kabla wala baada. Nikageuza honi, mluzi. Nikasogeza maiki, mluzi. Mbuzi wakakimbia, watoto wakafurahi sana, na yule mwenyekiti wa chama chao akakimbilia kwenye bodaboda yake akidhani kuna hatari. Nilitokwa jasho. Kazi ya miaka yote ile ilikuwa inanidhalilisha mbele ya watu wa kwetu.

"Yona," Foibe akasema, "zima."

Nikazima. Akasema "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, kwa sauti yake tu, kama anavyowasalimia wateja, na zile kingo zilizonitesa zikaichukua sauti ile na kuifikisha kwa kila mtu, mpaka bibi aliyekaa nyuma kabisa akaitika. Akawaambia watu watazame juu.

Tukatazama juu. Kuna miti ya migunga imeinama kwenye kingo, na kwenye matawi yake, juu ya vichwa vyetu, juu kuliko mtu mrefu aliyesimama, kulikuwa na nyasi kavu zimejisokota, vijiti, kipande cha neti ya mbu, na ndala moja ya mtoto. Vyote viliachwa pale na maji ya masika yaliyopita. Tulikuwa tumepita chini ya matawi yale kiangazi chote na hakuna aliyeinua macho.

"Hapa mlipokaa," akasema, "mwezi wa tatu hakuna anayekaa. Mheshimiwa alipita hapa jana na gari. Hakutazama juu. Mimi nimemaliza, nendeni mkapike."

Watu hawakuondoka mara moja. Yudithi alibaki akiitazama ile ndala. Haikuwa ya Mele, ya Mele ilikwenda mbali zaidi, lakini ilikuwa ya mtoto wa mtu.

Mheshimiwa aliyetajwa ni Barnaba, diwani wetu wa wakati ule, naye pia alikuwa mteja wangu. Sitamsema vibaya. Barnaba alikuwa mtu wa watu, alihudhuria kila msiba na alijua majina ya watoto wetu. Wapambe wake ndio walioanza kupita nyumba kwa nyumba wakisema maneno ambayo Neema anayarudia leo: Foibe hashindi, kumpa Foibe ni kuitupa kura, na zaidi ya kuitupa ni kumsaidia yule wa pili apite katikati. Lilikuwa neno zito, na lilinitikisa. Nilimpenda Barnaba, na pia nilijua akianguka mimi nimepoteza mteja anayelipa kwa wakati. Jioni moja nikamwambia Yudithi kwamba Foibe tunampenda, lakini tuwe na akili, tumpe Barnaba.

Yudithi alikuwa anasonga ugali wa uwele, hakugeuka.

"Kaka, mimi Barnaba nimempa kura mara zote," akasema. "Na anajua nitampa. Mtu anayejua utampa, atakuuliza unataka nini ili iweje?"

Nilinawa, nikala ule ugali. Nimesikiliza hotuba nyingi kuliko mtu yeyote mnayemjua, nyingi nikiwa nimekaa hatua chache kutoka kwa msemaji, na sijasikia iliyozidi ile.

Kura ni siri ya mpiga kura, lakini mimi nimestaafu, nitawaambia. Nilimpigia Foibe. Nilikwenda kituoni nimevaa kofia ya Barnaba, maana ndiyo pekee iliyonikinga na jua, nikaivua mlangoni. Nilijihisi namtupa rafiki.

Foibe akashindwa. Tena hakushindwa kwa kura chache, alikuwa wa tatu wazi wazi. Barnaba akashinda, wa pili akamfuata kwa karibu sana, karibu ya kutia jasho. Kijiweni wakanicheka kwamba Matangazo kura yako imekwenda na maji, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi wakaongeza kwamba hata maji yenyewe haikuyakuta. Niliona aibu, sitaficha. Nikawa nikipita njia ya nyuma.

Lakini mnajua matokeo hubandikwa ukutani nje ya kituo. Asubuhi yake nilikuwa nafungua honi zangu zilizobaki tangu kampeni pale ng'ambo, nikamwona Barnaba amesimama mbele ya ule ukuta peke yake. Kituo kile siku zote kilikuwa chake. Safari hii Foibe alikuwa juu yake, na kura za Foibe katika vile vituo vya kando ya korongo zilikuwa nyingi kuliko ile tofauti iliyomwokoa yeye na yule wa pili. Kwa maneno mengine, watu wa korongo wangeamua kuhamia kwa yule wa pili, Barnaba angekuwa anapanga virago. Hawakuamua hivyo safari hii. Safari ijayo hakuna ajuaye. Alisimama pale muda mrefu akikanda kofia yake.

Haukupita muda akaja kwenye chumba changu Makole, bila wapambe, na soda mkononi. Tulizungumza habari za mvua, za mahindi, za mtoto wake anayesoma. Mwishowe akauliza kama bado ninayo ile sauti ya Foibe, ile yenye mashine nyuma, na kama ningeweza kumpa aisikilize vizuri. Nikamwambia sauti ina mwenyewe, twende kwake.

Nilidhani Foibe atamfukuza. Mimi ningemfukuza. Yeye alimpa kigoda akaendelea kumimina alizeti.

"Chukua," akamwambia. "Mimi sikugombea nipate maneno, niligombea nipate kivuko. Ila mwezi wa tatu uje uvuke."

Na akaja, kwa sifa zake Barnaba akaja kweli. Alivuka asubuhi kwa miguu juu ya mchanga mkavu akiwa na viatu vyeusi vya ngozi, akafanya kikao ng'ambo, na mchana maji yakashuka. Alikwama. Gari liko upande huu, yeye upande ule, na simu haina mtandao. Akalala kwa Yudithi. Akala ugali wa uwele na mlenda, akalazwa kitanda cha Mele, na Mele akatumia nafasi hiyo kumsomea herufi zote alizozikumbuka, ambazo hazikuwa nyingi. Kesho yake maji yalikuwa bado. Yudithi anasema kufikia chakula cha tatu Mheshimiwa alikuwa anajua kusonga. Aliporudi mjini, nimeambiwa na waliokuwemo, kwenye kikao cha halmashauri aliongea habari ya kivuko mpaka wakamwomba anywe maji, naye akasema maji ameshayaona ya kutosha.

Haikuwa kesho wala keshokutwa. Masika nyingine ilitupita tukiwa bado tunasubiri, mnajua mambo ya serikali hayana haraka ya harusi. Lakini iliyofuata ilikuta zege, na mabomba makubwa chini yake, na nguzo za kando zilizopakwa chokaa.

Siku ya uzinduzi mimi ndiye niliyefunga spika, na ilikuwa moja ya kazi zangu za mwisho. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki kwa wageni, maua ya karatasi, na wasemaji waliowashukuru wakubwa kwa kufuata itifaki. Foibe hakualikwa jukwaani. Alisimama na wanawake wenzake pembeni, ana madumu ya mafuta aliyokuja kuuza, maana palipo na watu wengi hapakosi mnunuzi. Nilimtafuta kwenye orodha ya shukrani, nikamsikilizia kwa haya masikio yangu mabovu mpaka mwisho. Hakutajwa. Iliniuma.

Mshereheshaji akasema fundi, tuwekee wimbo, wageni wavuke. Nikaingiza flashi.

Tu-tu-tu, tu-tu-tu. "Mimi ni Foibe wa mashine. Sina ahadi nyingi, ninayo moja."

Mtu mmoja akacheka, halafu wanawake wakapiga vigelegele ambavyo hata mimi nilivisikia vizuri, na watu wazima wenye akili zao wakawa wanatazama juu kwenye matawi. Nikasema samahani, samahani sana, nimekosea flashi. Kila mtu wa kwetu anaijua ile habari yangu ya kanda za Makole, kwa hiyo waliniamini, au walijifanya. Ni kosa pekee katika kazi yangu yote nililolifanyia mazoezi nyumbani.

Barnaba akachukua maiki aseme neno. Na kama kawaida yao akasogea mbele kuufuata umati, akaingia mdomoni mwa honi, mluzi ukapiga, na alichosema kikazikwa humo. Foibe anashikilia kwamba alimshukuru. Barnaba mwenyewe nikimuuliza anatabasamu tu. Mimi niliyekuwa karibu zaidi ndiye ninayesikia vibaya kuliko wote, kwa hiyo msinitegemee.

Foibe alinijia wakati nakunja nyaya, akaniwekea dumu dogo la mafuta juu ya amplifaya. "Yona, uzee umekuanza," akasema. Nikamwambia ndiyo hivyo tena.

Basi Neema, na nyie wenzake. Najua mnapenda kubeti mpira, nawaona mnavyoinamia simu. Kura si mkeka wa kubeti. Ukimpigia aliyeshinda hulipwi pesa, na ukimpigia aliyeshindwa hakuna mkeka unaochanika. Kura ni maneno yako unayomwambia yule atakayeshinda, na ukimwambia kila uchaguzi lile lile analolitaka yeye, usishangae asipokusikia. Zipo nyakati ambazo mimi mwenyewe nimewapa wakubwa, kwa sababu nilichotaka walikuwa nacho, na siwezi kukuapia kwamba kila Foibe ataishia kwenye zege. Wengine waliishia pale pale kwenye ukuta wa kituo, na karatasi ikachukuliwa na upepo. Lakini kama huyo dada wa mifereji anasema jambo lako, na hao wawili wanapigiana kanda moja, mpe. Usinitazame tena kwa ile huruma.

Mele sasa yuko sekondari, na akija likizo ananisahihisha maandishi, hata haya. Masika hii nitakuchukua, Neema, tutakwenda kumsalimia bibi yako Yudithi. Tutafika korongoni, tutayaona maji mekundu yakipita chini yetu na magogo yake. Ile kura yangu niliyoambiwa imepotea iko pale, katikati. Utaikanyaga ukiwa na viatu vyako.